Posidoki ni kazi, si masomo

"Shikamoo Daktari. Nimemaliza uzamivu mwaka jana. Naomba linki ya skolashipu za posidoki za saratani. Nchi yoyote, mada yoyote. Vyeti vyote ninavyo."

Ujumbe huu nimeupokea mara nyingi mno, hata naweza kuukariri kabla sijafungua simu. Jina hubadilika, chuo hubadilika, maneno yanabaki yale yale. Na wanaouandika si watoto. Ni wahadhiri, madaktari, wataalamu wa maabara waliokaa miaka mbele ya darubini katika hospitali ambazo umeme ukikatika sampuli zinaharibika. Ni watu ambao fani yangu inawahitaji sana. Kwa hiyo nilikuwa nawajibu mmoja mmoja, kwa upole, na wiki mbili baadaye mtu yule yule ananiuliza kama nimeipata ile linki. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na upole nimeupunguza.

Hakuna linki. Posidoki si skolashipu, na anayeitafuta kama skolashipu ataitafuta mpaka muda wa kuomba umpite.

Anayefanya posidoki, yaani utafiti wa baada ya uzamivu, ana mkataba wa mwaka mmoja, miwili au mitatu, analipwa, ana nafasi yake maabara, na anatarajiwa kutoa matokeo. Halipi ada. Hafanyi mtihani. Siku anapoondoka hakuna joho wala mahafali. Ukiona mtu ameandika kwenye wasifu wake kwamba ana "shahada ya posidoki", amekosea jambo la msingi, na mkuu wa maabara atakayeusoma wasifu huo ataliona kabla ya kufika ukurasa wa pili. Mwaka 2024, NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, ilimpangia mtafiti wa aina hii anayeanza dola 61,008 kwa mwaka chini ya programu zake za mafunzo. Halipwi hivyo kwa sababu ana vyeti vizuri. Analipwa kwa sababu kuna swali la saratani ambalo linangoja mikono inayojua kazi.

Ni mafunzo, sikatai. Lakini ni mafunzo ya fundi aliyekwisha kuhitimu. Fundi wa majahazi wa Lamu akihamia Zanzibar ili ajifunze mkono wa fundi mwingine, hapewi kazi ya kufagia vumbi la msumeno kama mwanagenzi. Anaulizwa: unajua kukata mataruma? Unajua kupiga kalafati? Vyombo ulivyounda viko wapi? Asipokuwa na jibu, kutaja jina la mwalimu wake hakumsaidii kitu.

Najua kosa hili linakotoka. Kuanzia darasa la kwanza hadi uzamivu tumepanda ngazi moja, na kila kipandio kina mlango wa aina ile ile: tangazo linatoka, unajaza fomu, unaambatisha vyeti, unasubiri orodha ya waliochaguliwa. Wengi wetu tulisomeshwa uzamili na uzamivu na mashirika ya Kijerumani, Kiingereza au Kiswidi yaliyofanya hivyo hivyo kila mwaka, na kwa tarehe zile zile. Miaka 20 ya kufuata utaratibu huo inamjengea mtu imani kwamba elimu yote iko nyuma ya fomu. Halafu anatunukiwa uzamivu, ngazi inaishia hapo, naye anaendelea kupapasa hewani akitafuta kipandio kinachofuata. Vyuo vyetu navyo vinachangia. Mhadhiri akitaka kupandishwa cheo anaulizwa vyeti, na posidoki inaingizwa kwenye jalada lake kama cheti kingine. Hakuna aliyemwambia kwamba amehama kutoka kundi la wanaofundishwa na kuingia kundi la wanaoajiriwa.

Tazama fedha zinavyokwenda, maana hapo ndipo imani ile inapovunjika yenyewe. Profesa mwenye maabara, tuseme ya Boston au Heidelberg, anaandika andiko la kuomba ruzuku. Andiko lina swali, mbinu, bajeti na watu. Katika bajeti ameandika kwamba mwaka wa kwanza hadi wa tatu atahitaji mtu mmoja mwenye uzamivu anayejua kusoma mfuatano wa vinasaba kutoka kwenye tishu zilizohifadhiwa kwa nta ya parafini, vile vitalu vya nta vinavyojaa makabati ya patholojia duniani kote. Ruzuku ikitoka, ana mshahara mkononi na kazi mezani. Anatafuta mtu. Wakati mwingine anatangaza. Mara nyingi anauliza wenzake kwenye mkutano, au anasubiri barua inayofanana na shida yake iingie kwenye sanduku lake la barua pepe. Fedha hizo hazikutengwa kwa ajili ya "mwanasayansi kutoka Afrika". Zimetengwa kwa ajili ya vitalu vile vya nta. Barua inayosema "mada yoyote" haijibu chochote katika hesabu hiyo.

Nilipokuwa posidoki mwenyewe, mkuu wa maabara alinipa kazi ya kupitia barua za walioomba nafasi moja. Nilizikuta zimejaa watu wa kwetu, na nikaona aibu na uchungu kwa pamoja, kwa sababu wengi walikuwa na uwezo kuliko mimi. Barua zilianza kwa kumsalimu Bwana au Bibi asiye na jina. Zikaendelea kwa aya mbili za historia ya elimu tangu sekondari, pamoja na daraja la ufaulu. Zikaeleza kwamba mwombaji ni mchapakazi, anajifunza haraka, anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Zikamalizia kwa kusema yuko tayari kujifunza chochote atakachopangiwa. Kwetu hiyo ni adabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kule inasomeka hivi: mtu huyu amemaliza uzamivu na bado hana swali lake mwenyewe. Niliziweka kando kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine. Iliyobaki mezani ilikuwa ya mwanamke mmoja ambaye barua yake haikufika nusu ukurasa. Alitaja makala ya maabara ile, akataja jedwali ambalo hakukubaliana nalo, akasema katika hospitali yao uvimbe wa aina hiyo unakuja kwa wagonjwa wenye umri mdogo zaidi, akasema anajua kupaka tishu rangi za kingamwili na angetaka kujifunza hatua inayofuata. Alipigiwa simu wiki hiyo hiyo. Sikumbuki kama kuna mtu aliyeuliza alipata daraja gani.

Kuna barua nyingine inayoniumiza zaidi, nayo ni barua ya huruma. Natoka nchi maskini, vifaa hatuna, wagonjwa wanakufa, nisaidieni. Kila neno ndani yake ni kweli. Kwa takwimu za mwaka 2022 za IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, Tanzania na Kenya kila moja ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 45,000 kwa mwaka, na vifo karibu 30,000. Sihitaji kuambiwa jinsi hali ilivyo. Lakini mwandishi wa barua hiyo ameshika mali na kuionyesha kama jeraha. Anachokiita shida ndicho wenzake wa Ulaya wasichoweza kukipata kwa fedha yoyote: ugonjwa ulivyo mahali ulipo, na mtu anayeujua kwa macho yake.

Wasiosadiki wakumbuke hospitali ya Mulago, Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa Kampala mwishoni mwa miaka ya 1950 alipoanza kushangazwa na watoto waliovimba mataya. Mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari na kuzunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika, safari ya maili zipatazo 10,000, wakiuliza kila mahali: watoto wa namna hii mnawaona? Ramani waliyoichora ilifuata joto na mvua, kama ramani ya malaria. Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtaalamu mmoja wa virusi, Anthony Epstein, alikuwa amekaa kati ya wasikilizaji. Aliondoka na swali la Kampala kichwani. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi maabara yake, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona kwa darubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Ugonjwa una jina la daktari wa Ireland; kirusi kina majina ya watafiti wa maabara ya London. Watoto walikuwa wa Uganda, vipande vya nyama vilikuwa vya Uganda, swali lilizaliwa Uganda, na katika majina yote hayo hakuna Mganda. Sababu si kwamba Waganda hawakuwa na akili ya kuuliza. Hapakuwa na Mganda aliyekuwa amepewa miaka miwili ya kukaa mbele ya darubini ile. Hiyo miaka miwili ndiyo tunayoizungumzia hapa. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, Wamarekani walioiongoza mwanzoni wakaondoka enzi za Idi Amin, na Charles Olweny akaishika. Kazi haikukwama kwa sababu palikuwa na mtu aliyefunzwa wa kuishika.

Na maswali hayajaisha. Saratani ya umio inakata ukanda mrefu kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na huko Bomet, Kenya, madaktari wameeleza wagonjwa wasiofika miaka 30, jambo ambalo Ulaya karibu halisikiki. Kilimanjaro watafiti walipima joto la chai wanywaji walipoanza kuinywa wakakuta wastani wa nyuzi 70 hivi za selsiasi. Mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Je, ni chai peke yake? Moshi wa jiko? Udongo? Jeni? Hilo halijafungwa. Tazama pia damu zetu. Wengi wa watu wa kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, na wasio nayo huwa na neutrofili chache wakiwa wazima kabisa. Majaribio mengi ya dawa za saratani yamewekewa kiwango cha chini cha neutrofili kilichotokana na damu za Wazungu, kwa hiyo mtu wa kwetu mwenye afya njema anaweza kukataliwa kwenye jaribio, au kupunguziwa dozi, kwa kosa la kuzaliwa alivyo. Hapo pana posidoki kadhaa nzima, zinangoja mtu aziandike.

Kwa wanaodhani mambo makubwa hufanyika kwingine tu: jaribio la DoRIS la Mwanza liliwachukua wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 kupima kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha kuamsha kinga. Jaribio la KEN SHE la Kenya liliwachukua wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Matokeo yote mawili yalitoka mwaka 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Tanzania iliyoanza kuchanja nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili ikahamia dozi moja mwaka 2024. Mwanza ilichangia kubadilisha mwongozo wa dunia kuhusu saratani ya mlango wa kizazi. Waliofanya kazi ile hawakuanza kwa kuomba linki.

Sasa kuna kosa dogo lililozaliwa na lile kubwa la kuiona posidoki kama skolashipu, na linapoteza miezi ya watu. Mtu anaona tangazo la Marekani linalosema nafasi ni kwa wanasayansi wa makundi yenye uwakilishi mdogo. Anasoma, anafurahi: mimi ni Mwafrika, ni mweusi, ni mwanamke, natoka kijijini, nani ana uwakilishi mdogo kuliko mimi? Anajaza. Anakataliwa bila maelezo, anaamini ni ubaguzi. Hakusoma mstari wa uraia. Katika sheria na programu za Marekani maneno yale yalikuwa na maana ya ndani: Wamarekani weusi, wenye asili ya Kilatini, wenyeji wa asili, watu wenye ulemavu, waliokulia katika umaskini ndani ya Marekani. Programu kama zile za CURE za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya huko, na nyongeza za ruzuku za NIH zilizowekwa kuwavuta watu hao katika maabara, zilidai uraia au kibali cha kudumu cha ukaazi. Uwakilishi mdogo wa Mtanzania duniani haukuwa somo lao. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta sehemu kubwa ya programu hizo hata kwa raia wake wenyewe, pamoja na ile iliyoitwa MOSAIC iliyowavusha posidoki kuelekea uprofesa. Kwa hiyo orodha ya "fursa za Marekani kwa watafiti weusi" inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni orodha ya milango ambayo kwako haikuwahi kufunguliwa, na ambayo mingi sasa imefungwa kwa kila mtu. Ifute.

Futa pia namba ya wakala. Nalisema hili kwa hasira, kwa sababu nimeona mtu akiuza kiwanja. Anaahidiwa barua ya mwaliko ya posidoki kutoka chuo kikubwa kwa malipo ya "uchakataji", halafu malipo ya "bima", halafu ya "kuthibitisha vyeti". Barua inakuja, ina nembo, na ni ya kughushi. Hakuna mkuu wa maabara duniani anayemtoza mtu fedha ili amwajiri. Wakala anaishi kwa ile imani niliyoanza nayo: kama posidoki ni fomu, basi kuna mtu anayejua fomu ilipo. Imani ikifa, biashara yake inakufa. Ndugu yake ni lile jarida linalokuchapishia makala ndani ya siku kumi ukilipa, bila mtu yeyote kuisoma. Makala sita za namna hiyo kwenye wasifu zinakuharibia kuliko kutokuwa na makala. Moja iliyopitiwa na wanataaluma wenzako, ukiwa mwandishi wa kwanza, inatosha kufungua mazungumzo.

Haya, njia zilizopo, kwa haraka.

Njia kubwa kuliko zote ni kuajiriwa moja kwa moja na maabara, kwa barua. Nyingine karibu zote zinataka kwanza uwe na mwenyeji aliyekubali, kwa hiyo nazo zinaanzia kwenye barua ile ile.

Ulaya kuna ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie: haubagui uraia, unataka uzamivu uliokamilika kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida hauruhusu zaidi ya miaka minane tangu uupate, na hutakiwi kuwa umeishi katika nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Ushindani ni mkali. Mwaka 2024 waliomba zaidi ya watu 10,000 na wakapewa takriban 1,700. IARC iliyoko Lyon ina nafasi zake za posidoki, zinazotazama kwa karibu watafiti na matatizo ya nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa mtu wa rejista ya saratani au wa epidemiolojia sijui pa kuanzia pazuri zaidi. Ujerumani kuna Wakfu wa Humboldt, unaopokea maombi ya aliyekwisha kupata mwenyeji. Uingereza kuna Newton wa Royal Society kwa walio nje ya nchi hiyo.

Marekani bado ipo, kwa tahadhari. Maabara nyingi huajiri kwa viza ya J-1, ambayo kwa mtafiti ina kikomo cha miaka mitano, na baadhi ya watu hulazimika kurudi nyumbani kwa miaka miwili kabla ya kubadilisha viza. Uliza hilo kabla ya kutia saini. Tuzo ya K99 ya NIH haidai uraia, lakini lazima uombe kupitia taasisi ya huko, na hutakiwi kuwa umezidisha miaka minne ya posidoki. Fedha za NIH zinazokwenda nje zimewekewa masharti mapya tangu 2025, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wenyewe, usisome la rafiki yako.

Kubaki nyumbani nako ni njia, na wengi wenu hamuitazami. Wellcome ya Uingereza ina tuzo ya miaka mitano kwa watafiti wanaoanza, na taasisi mwenyeji inaweza kuwa katika nchi yetu. AORTIC, chama cha utafiti na mafunzo ya saratani barani Afrika, kimewahi kutoa ruzuku ndogo kwa wanaoanza. Kampala kuna ushirikiano wa muda mrefu wa Taasisi ya Saratani ya Uganda na Fred Hutch ya Seattle. Kuna vituo vya Moshi, Mwanza na Eldoret, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Vyuo vya Afrika Kusini hutangaza posidoki mara kwa mara. Aliye na familia changa au mzazi mgonjwa asijione ameshindwa kwa kutopanda ndege.

Kuhusu barua yenyewe. Iwe na jina la mtu, lililoandikwa sawasawa. Nusu ukurasa. Sentensi moja ya swali lako. Sentensi mbili za ulichokwisha kufanya kwa mikono yako: mbinu, programu ya takwimu unayoitumia, idadi ya wagonjwa au sampuli ulizoshughulikia. Sentensi moja inayoonyesha umesoma kazi yake ya karibuni na unataka kujifunza nini ambacho kwako hakipo. Sampuli usiziahidi kama si zako. Ni za wagonjwa, zina kamati ya maadili na kibali cha kuzisafirisha, na mtu anayezitoa kwa urahisi kwenye barua ya kwanza anatia shaka. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na makala yako moja bora. Vyeti viache kabatini mpaka uombwe. Wadhamini wako watatu wawe watu waliokuona ukifanya kazi, na uwe umewaomba kabla. Mkuu wa chuo asiyekujua hafai. Tuma kwa watu kumi uliowasoma, kila mmoja barua yake. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha songa mbele.

Na kama unaandika na sentensi ya swali inakataa kuja, usitume barua. Rudi kwenye tasnifu yako, fungua sura ya mwisho, pale ulipoorodhesha mambo ambayo utafiti wako haukuweza kuyajibu. Uliiandika kwa haraka ili wasahihishaji waridhike. Isome tena polepole.

Dirisha la Marie Skłodowska-Curie hufungwa Septemba. Mwenyeji anahitaji miezi ya kuandika andiko pamoja nawe. Barua yako iwe imemfikia kabla ya Machi kuisha.